Siku Régine Aliposimama Mlangoni

Ninyi wa mtaa wetu, wazee kwa vijana, nawaomba masikio. Haya nitakayowasimulia sikuyasikia kwa mtu. Nilikuwepo, na mkononi nilishika mchi.

Ilikuwa mwaka 1951, mji wetu hapa Katanga ungali ukiitwa Élisabethville. Jumapili mtaani ilikuwa siku tamu. Baada ya misa wanawake tulisonga bukari, ugali wetu, uani huku sombe ya majani ya muhogo ikichemka, na wanaume waliketi katika mashati yao meupe wakibishana juu ya mpira. Kwenye baraza ya nyumba ya kona, Clément alitengeneza kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli. Yeye na mkewe Léonie walikuwa wametoka mkoa wa Kasai miaka mitatu nyuma. Fundi yule alikuwa na mikono ya kuaminika na maneno machache. Watoto walipenda kushika pampu yake na kujipulizia upepo usoni.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Donat na Régine. Donat alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga. Baba yake alijenga reli, naye mwenyewe alitia makaa katika mashine ya treni. Hakuwa mtu mbaya. Mtoto wao wa pekee, Delphine, wa miaka minane, alimbeba mabegani mtaa mzima bila kuona haya. Régine alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini. Kanisani ungeweza kukaa naye benchi moja usijue kama anaimba.

Basi mwaka ule uvumi wa batumbula ukarudi. Wakubwa mnaukumbuka: watu waliosemekana kuteka wapita njia na kuwafungia gizani, wasionekane tena. Ikasemwa kuna mwanamke amepotea kule upande wa Naviundu. Nani alimjua mwanamke huyo? Hakuna hata mmoja. Lakini kila mtu alikuwa na rafiki aliyemjua ndugu yake. Na wakati huohuo, kazini, Donat alinyimwa cheo alichokingoja, kikapewa mtu wa Kasai aliyejua kuandika vizuri. Uchungu huo alirudi nao nyumbani.

"Unaona ile mipira Clément anatundika ku mulango?" alimwambia mkewe. "Batumbula banafunga bantu na mipira kama ile."

"Baba Delphine, ile ni mipira ya magurudumu. Hata kinga yako, yeye njo aliitengeneza."

"Bageni! Banakuya hapa, banakamata kazi yetu, kesho batakamata batoto."

Akamkataza Delphine kupita mbele ya nyumba ya Clément. "Ukipita pale, hautarudia tena," alimwambia, akimkazia macho mpaka mtoto akalia. Nasi majirani? Tulisikia, tukanyamaza, kisha sisi wenyewe tukaanza kuvuka barabara tusipite mbele ya nyumba ile. Léonie akifika bombani tulisogeza ndoo zetu mbali na yake. Yeye aliteka maji, akasema, "Mubakie muzuri," akaondoka. Hadi leo naona haya kwamba sikumjibu hata mara moja.

Siku moja ya Januari iliyofuata mvua ilianza saa sita mchana. Watoto wa shule ya masista walirudi saa nane, lakini Delphine hakurudi. Saa tisa Donat alitoka kazini akamkuta Régine barabarani, amelowa, akiuliza nyumba kwa nyumba. Donat hakutaka kusikia zaidi.

"Ni ule mu-Kasai!" alipiga kelele.

Muda mfupi baadaye wanaume kama ishirini walikuwa mbele ya nyumba ya kona na fimbo na mawe, na sisi wanawake nyuma yao. Nilikuwa nimeokota mchi wangu jikoni bila kujua nitaufanyia nini. Clément akatoka barazani, mikono wazi. Kabla hajasema neno, jiwe likampata juu ya jicho.

Hapo Régine akapita katikati yetu. Nilidhani anakwenda kumkwaruza yule mtu uso. Kumbe alisimama mbele ya Léonie, aliyekuwa mlangoni, akasema kwa heshima, "Mama, unisamehe. Uniache niingie, nitazame."

Akaingia. Tulimsikia akiinua kitanda, akifungua sanduku, akivuta magunia. Alipotoka alisimama mlangoni, akashika miimo yote miwili.

"Nimeangalia pote. Mutoto yangu haiko humu."

"Toka pale!" Donat akasema. "Bamemuficha!"

"Mimi njo nilimuzaa. Kama angekuwa humu, ningebomoa hii nyumba na meno yangu. Ninyi bote muko hapa. Sasa nani anamutafuta Delphine?"

Mtu nyuma yetu akatupa jiwe tena. Likampiga Régine begani. Hakusogea.

"Mutupe ingine," alisema. "Halafu tuende tutafute."

Kisha akamgeukia mumewe. "Ulimukataza kupita hapa. Sasa alipita wapi?"

Kutoka shuleni kulikuwa na njia mbili tu: hii ya mbele ya Clément, na ile ya nyuma, kwenye mashimo ya udongo wa matofali.

Tukakimbia. Clément naye alikimbia, damu ikimtiririka shavuni, na kamba ya kufungia mizigo mkononi. Tulimkuta mtoto ndani ya shimo la tatu, ameshika mzizi, maji yamemfika shingoni. Donat alijifunga kamba akashuka. Clément na Régine walikuwa wa kwanza kuivuta, sisi wengine tukafuata.

"Niliogopa kupita kwa batumbula," Delphine alisema, meno yakigongana.

Alipona, lakini mguu ulikuwa umevunjika, na haukunyooka tena. Alichechemea maisha yake yote. Muda ule tuliokaa mbele ya mlango wa watu wasio na kosa, yeye alikuwa majini.

Kesho yake Donat alikwenda kwa Clément, kofia mkononi. "Ndugu, nilikuletea bantu bakuue. Nakuomba musamaha."

Clément akamjibu, "Nimekusamehe. Lakini bibi yangu Léonie halali tena usingizi hapa."

Mwezi haukuisha wakahamia Kipushi. Régine alibeba beseni la vyombo vya Léonie kichwani mpaka kwenye lori, mchana mweupe, mtaa mzima ukitazama. Tangu siku hiyo, mtu yeyote mpya akija mtaani, awe wa Kasai au wa Rodezia, aliyetangulia kubisha hodi kwake alikuwa Régine, na Delphine akichechemea pembeni yake. Na Donat alikuwa akiwafuata nyuma, akibeba maji ya kumkaribishia mgeni.

FUNDISHO

Ndugu zangu, hofu ya wageni haikumlinda mtoto wa Donat. Ndiyo iliyomtupa shimoni, na ndiyo iliyotuchelewesha kumtoa. Ilitunyima pia majirani wema. Siku ile Régine alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuogopa kuliko sisi sote, lakini yeye peke yake alikwenda kutazama kwa macho yake. Ukisikia mgeni anasingiziwa, fanya kama yeye: nenda utazame. Ukishaujua ukweli, usiurudishe nyumbani kwako kimya kimya. Simama nao pale ambapo mawe yanatupwa.