Dola Elfu Mbili za Ulezi wa Mpui

Asubuhi ya kijiji cha Mpui mwezi wa saba ina baridi ya kung'ata masikio. Lakini kazi ya ulezi haingoji jua likolee. Silvana alikuwa amevaa sweta, amejifunga kitenge juu yake, ungo mkononi, anapepeta. Upepo ulibeba makapi ukayapeleka moja kwa moja kwa wifi yake, Coleta, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa turubai.

"Wifi, unanipepetea machoni!" Coleta alipiga kelele.

"Hama basi. Upepo sikuuzaa mimi."

"Kaka yangu masikini, alioa mdomo."

"Alioa na mikono. Angalia ulezi wangu. Una jiwe hata moja?"

Coleta alichota kiganjani, akachambua kwa kidole. Hakuona jiwe.

Mwaka huo wanawake kumi wa kikundi cha Juhudi walikuwa wamepura ulezi wao juu ya turubai, si chini kwenye udongo kama zamani. Mnunuzi wao hakutaka mchanga. Alikuwa Bwana Chanda wa Mbala, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Yeye husaga unga wa uji na kuuza mijini. Walipatana magunia ishirini na tano, ya kilo mia mia, kwa dola elfu mbili. Fedha angeituma benki, kwenye akaunti ya kikundi iliyoko Sumbawanga mjini.

Silvana ndiye alikuwa mweka hazina. Kasha la kikundi lina kufuli tatu, na ufunguo mmoja aliuvaa shingoni kwa kamba.

"Dola moja ni shilingi ngapi?" wenzake walimuuliza.

"Nimesikia redioni. Elfu mbili mia tano na hamsini."

Alipiga hesabu kwenye daftari. Ilikuja milioni tano na laki moja. Jumapili, baada ya Misa, alisimama nje ya kigango akasoma kwa sauti: "Kila mmoja wetu, laki tano na elfu kumi!"

Vigelegele vilipigwa. Na hapo ndipo alipokosea. Huko kwao, gawio likishasomwa mbele ya watu, watu wanalihesabu kwamba limeshaingia mfukoni. Jumatatu tu Coleta alikwenda dukani akachukua bati kwa mkopo.

Lori lilipakia, likavuka mpaka wa Kasesya na vibali vyake vyote. Wiki tatu zikapita. Ndipo simu ya Silvana ikalia, ujumbe wa benki umeingia. Aliusoma mara ya kwanza. Aliusoma tena. Akaenda kuusomea mlangoni kwenye mwanga.

Zilikuwa zimeingia milioni nne, laki nane na elfu mbili. Laki mbili, tisini na nane elfu hazikuwepo.

Kwenye kikao alisema ukweli wote. Hakuficha kitu. Lakini wanawake walitazamana, na Coleta akasimama.

"Wifi, redio uliyosikia ni yako. Hesabu uliyopiga ni yako. Simu iliyopokea ujumbe ni yako. Sasa hili pengo ni la nani?"

"Sijui, wifi. Ningejua ningesema."

"Mwenye bati ananidai mimi. Nimwambie nini, kwamba dola zimeyeyuka?"

Mama Gaudiosa, mwenyekiti wao, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alinyoosha mkono. "Mwanangu, tupe ufunguo kwanza. Mpaka mambo yaeleweke."

Silvana alivua kamba shingoni. Hakulia. Aliuweka ufunguo kwenye kiganja cha Mama Gaudiosa, akarudi nyumbani.

Mumewe, Lazaro, alikuwa tayari amesikia. Maneno ya kikundi hayachelewi.

"Uza yule nguruwe jike," Lazaro alisema. "Ongeza na hela ya maharage. Wape, yaishe."

"Hayaishi, baba Ignasi. Nikiwapa nitakuwa nimekiri."

"Watu watasema."

"Wameshasema. Laki tatu naweza kukosa, nikaishi. Kuitwa mwizi siwezi. Nataka kujua ile fedha imepitia wapi na nani ameimega."

Lazaro aliingiza mkono mfukoni. "Basi nauli hii hapa. Inatosha watu wawili. Usiende peke yako."

Kulipokucha Silvana alikuwa mlangoni kwa Coleta.

"Vaa viatu, wifi. Tunakwenda Sumbawanga."

"Mimi? Kufanya nini?"

"Kusikia. Nauli nalipa mimi. Wewe lete masikio tu."

Benki walielekezwa kwenye meza ya kijana mmoja aitwaye Shigela, mwenyeji wa Shinyanga, anayeshughulikia fedha za kigeni.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, baba."

Silvana alieleza. Shigela alitafuta kwenye kompyuta, akachapa karatasi, akaiweka katikati ya meza.

"Hii ni nakala ya malipo. Inaonyesha fedha ilivyosafiri. Bwana Chanda alituma dola elfu mbili. Mnaona? Sasa, benki yake haina akaunti ya dola kwetu, na sisi hatuna kwake. Kwa hiyo fedha imepitia benki ya kati, huko nje."

"Na hiyo ya kati inafanya kazi bure?" Silvana aliuliza.

"Hapana, mama. Imekata dola ishirini na tano. Ilipofika kwetu, tumekata kumi na tano."

"Kwa nini hamkusema?" Coleta alidakia.

"Mama, ukipeleka mahindi mashineni huna hela, mwenye mashine anafanyaje?"

"Anachota unga wake."

"Basi fedha yenu imepita mashine mbili, na kila moja imechota. Kwenye fomu ya kutuma, mtumaji huulizwa nani atalipa makato: yeye mwenyewe, mpokeaji, au wagawane. Bwana Chanda alichagua mgawane. Kwenye ankara yenu mliandika nani alipe?"

Silvana alitikisa kichwa. Hawakuandika.

"Zikabaki dola elfu moja mia tisa na sitini," Shigela aliendelea. "Akaunti yenu ni ya shilingi, kwa hiyo zimebadilishwa siku hiyohiyo. Kila dola kwa elfu mbili mia nne na hamsini."

"Redio ilisema mia tano na hamsini!"

"Redio ilisema kweli. Ile ni bei ya benki kukuuzia wewe dola. Wewe hukununua. Wewe ulileta dola, benki ikazinunua kwako."

Coleta alikunja uso. Shigela alimgeukia. "Mama, wewe unafanya biashara gani?"

"Samaki, migebuka. Naichukua ziwani Kasanga, nauza Mpui."

"Kasanga unanunua bei gani?"

"Elfu mbili mmoja."

"Mpui unauza?"

"Elfu tatu."

"Mvuvi akikwambia umnunulie kwa elfu tatu hukohuko Kasanga?"

"Kwani nina wazimu?"

"Na benki haina wazimu, mama."

Coleta aliangua kicheko mpaka mlinzi akageuka. Alivuta ile karatasi, akaifuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Ishirini na tano. Kumi na tano. Elfu mbili mia nne na hamsini. Mwisho kabisa: milioni nne, laki nane na elfu mbili.

"Wifi," alisema taratibu, "hakuna mtu aliyeiba hapa. Kuna makato."

"Sasa nieleze," Silvana alimwambia Shigela, "tufanyeje mwakani?" Alifungua daftari lake, akashika kalamu.

Shigela alieleza, naye akaandika pole pole, kwa mwandiko wake wa darasa la nne. Wafungue akaunti ya dola kwa jina la kikundi, ili wao wenyewe waamue siku ya kubadilisha. Kwenye ankara waandike jina la akaunti kama lilivyo benki, namba yake, na msimbo wa benki. Waandike pia kwamba makato yote ya njiani analipa mtumaji. Kabla ya kubadilisha waulize bei ya kununua, tena waulize zaidi ya sehemu moja. Na kila mara wachukue nakala ya malipo.

"Utamaliza leo?" Coleta alimchokoza.

"Nitamaliza. Ya redio niliyasikia kwa sikio moja. Haya nayaandika."

Kwenye kikao kilichofuata, aliyesimama kueleza hakuwa Silvana. Alikuwa Coleta. Alishika ile karatasi juu, akasimulia habari ya mashine, akasimulia habari ya migebuka, na alipofika kwenye wazimu wa benki wote wakacheka. Mama Gaudiosa alitoa ufunguo.

"Chukua, mwanangu. Tulikukosea."

"Kaa nao, mama," Silvana alisema. "Na mimi nilikosea. Niligawa fedha ambayo haijafika. Nitauvaa tena siku dola zitakapofika nzima."

Mwaka uliofuata Silvana alimpigia simu Bwana Chanda kabla gunia moja halijashonwa.

"Mama, mwaka huu tufanye rahisi," Bwana Chanda alisema. "Nitampa mtu wangu kwacha taslimu. Atavuka, mtabadilisha hapo mpakani kwa vijana wanaobadilisha fedha. Hakuna makato."

"Akiibiwa njiani, hasara ya nani?"

"Haibiwi."

"Na noti ikiwa bandia? Na karatasi ya kuwaonyesha wenzangu nitaipata kwa vijana wa mpakani? Hapana, baba. Benki, dola, na makato ya njiani ni yako. Nimeshaandika kwenye ankara."

Coleta, aliyekuwa amebandika sikio karibu, alishika kifua.

"Ulezi ni safi kama wa mwaka jana?" Bwana Chanda aliuliza.

"Ukikuta jiwe, lirudishe na lori."

Bwana Chanda alicheka. "Haya, mama. Makato yangu."

Ujumbe ulipoingia, Silvana hakupiga hesabu ya gawio la mtu yeyote. Alikwenda mjini na Coleta, akaona kwa macho yake: dola elfu mbili, zimefika nzima. Shigela aliwaambia bei inaweza kupanda na inaweza kushuka, hakuna aijuaye kesho. Wao hawakutaka kuibahatisha. Waliuliza bei benki ya jirani, wakarudi, wakapatana na Shigela elfu mbili mia nne na themanini.

Jumapili, nje ya kigango, Silvana alisoma: "Laki nne, tisini na sita elfu kila mmoja. Imeshaingia. Karatasi hii hapa, ipitisheni."

Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Hata wasiojua kusoma waliishika, wakaigeuza, wakampa aliye kando. Hakuna aliyeuliza.

Mama Gaudiosa alitoa ufunguo kwenye pindo la kanga. Kabla Silvana hajanyoosha mkono, Coleta aliuchukua, akamvisha shingoni mwenyewe.

"Nilisema kaka yangu alioa mdomo," alisema. "Nafuta. Alioa daftari."

"Deni la bati za mwaka jana umemaliza?" Silvana aliuliza.

"Leo hiihii namalizia. Na safari hii nimehesabu baada ya kushika."