Giaboksi Hupimwa Ikiwa Macho

Jumanne, tarehe tatu ya mwezi wa sita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari la seremala lilikataa kupanda kilima. Alikanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, gari likabaki palepale. Akakanyaga tena. Gari likaanza kurudi nyuma.

"Baba, shika breki," binti yake alisema.

Akashika breki. Wakatazamana.

Figo za binti huyu zilikuwa zimechoka. Kila Jumanne na Ijumaa alisafishwa damu kwa mashine kwenye hospitali kuu, ng'ambo ya kilima. Akikosa siku moja, miguu inavimba. Akikosa mbili, anapumua kwa pumzi ya kuazima. Siku hiyo walifika kwa lori la matofali, wamechelewa kwa saa tatu. Wauguzi walimpa muda uliobaki tu.

Seremala alikuwa mgane. Tangu mke wake afariki, nyumbani walibaki wawili.

"Wakubwa ndio wanaotumaliza," alisema jioni, akimkanda binti miguu. "Wao wanakula barabara, sisi tunakula mashimo. Gari gani litadumu?"

Jumatano gari lilivutwa hadi kwa fundi wa kona, ambaye watu humwita Fundi Haraka. Alisikiliza mlio dakika moja, mikono mfukoni.

"Giaboksi imekufa, mzee. Tafuta nyingine."

"Hata boneti hujafungua."

"Sikio langu linatosha."

Giaboksi nyingine ingechukua wiki tatu kufika. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa.

"Twende kwa Mama Spana," binti alisema. "Yule haongei mpaka mikono ichafuke."

Mama Spana alikuwa fundi wa magari ya otomatiki, yale yanayobadilisha gia yenyewe. Alhamisi asubuhi alianza kwa maswali.

"Shikamoo mzee. Linasumbua lini? Likiwa baridi au likipata moto?"

"Likipata moto. Mlimani zaidi. Fundi Haraka anasema giaboksi imekufa."

"Ukiweka gia ya kwenda mbele, linaondoka papo hapo?"

"Linasitasita kwanza. Kama mtu aliyeitwa kazini Jumapili."

"Tangu lini?"

Seremala alikohoa. "Kama mwezi hivi. Lakini mafuta ya giaboksi yamejaa. Napima kila asubuhi. Miaka sita sijaruka hata siku moja."

"Unapimaje?"

"Kabla ya kuwasha. Kama ya injini."

Mama Spana hakucheka. "Hapo ndipo gari lilipokudanganya. Njoo uone."

Gari lilikuwa mahali tambarare. Alivuta breki ya mkono, akawasha injini, akaiacha mpaka ikapata moto. Akakanyaga breki ya mguu, akapitisha gia zote taratibu, moja moja. Akairudisha kwenye gia ya kuegesha. Injini ikiendelea kuzunguka, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa kisafi, akakirudisha, akakichomoa tena.

Ncha ilikuwa kavu.

"Injini ikizimwa, mafuta yanateremka na kukaa chini," alisema. "Kijiti kinaonyesha yamejaa. Ikiwashwa, yanapanda kufanya kazi, na hapo unaona ukweli. Gari kama hili giaboksi yake hupimwa ikiwa macho, siyo ikiwa usingizini. Mengine hupimwa tofauti, na mengine hayana kijiti kabisa. Hayo mwachie fundi."

"Na mafuta yamekwenda wapi?"

Alizima injini, akalala chini ya gari, akamwita. Mpira unaopeleka mafuta kupozwa kwenye rejeta ulikuwa umepasuka karibu na kibano. Vumbi lilikuwa limeganda hapo, jeusi na lenye unyevu.

"Mafuta yakipungua, giaboksi inavuta hewa. Nguvu ya kubana sahani za ndani inaisha. Sahani zinateleza. Ndiyo ile kelele bila mwendo."

Alifungua karai la mafuta lililo chini ya giaboksi. Mafuta kidogo yaliyobaki yalikuwa mekundu ya kufifia. Akamsogezea seremala anuse.

"Hayanuki kuungua," seremala alisema.

"Na karai halina vipande vya chuma, ni unga kidogo tu. Umewahi. Ungelilazimisha mlimani wiki nyingine, Fundi Haraka angekuwa mkweli."

Alibadilisha mpira, vibano na chujio, akafunga karai kwa gasketi mpya. Akajaza mafuta ya otomatiki ya aina inayotakiwa na gari lile, kidogo kidogo, akipima. "Usiweke ya injini hata siku moja. Na usizidishe."

Seremala alikuwa amekunja uso. "Kitabu cha gari kimeandikwa kwa lugha ya huko lilikotoka. Wakubwa wa bandarini walichukua kodi yao. Hakuna aliyejiuliza kama tutakisoma."

"Hapo sikupingi, mzee. Ila miaka sita mdomo wa kuuliza ulikuwa nao."

Jioni ile, injini ikinguruma uani, seremala alipima mwenyewe mara mbili.

Ijumaa gari lilipanda kilima bila kusitasita. Binti alisafishwa damu saa zote alizotakiwa. Waliporudi alikuwa amevaa viatu vyake vya kawaida, siyo ndala za siku za kuvimba miguu.

Karibu na nyumbani walipita hospitali ndogo ya mtaa.

"Hata hapa ipo mashine ya kusafisha damu, baba," binti alisema. "Imefunikwa shuka tangu mwaka jana."

Seremala alikata kona, akaegesha, akaingia ofisini. Karani alikuwa peke yake.

"Mashine ya damu ina nini?"

"Imekufa, mzee."

"Nani aliifungua?"

"Tuliambiwa na wakubwa."

"Na wao, nani aliwaambia?"

Karani alifungua daftari, akaandika swali, tarehe na jina la mtaa. Akasema litapelekwa juu.

Seremala amerudi pale mara nne. Swali bado limo daftarini, na nafasi ya jibu ni nyeupe: ile mashine, nani aliifungua akaona imekufa?