Bibi Aliyewekwa Mawinguni

"Wifi, mama yako bado anapumua. Huku mawinguni anafanya nini?"

Puring alishika ncha moja ya bango la turubai, Glorybelle akashika nyingine, na katikati yao ukoo mzima ulitabasamu mbele ya mnara wa Seoul. Sura kumi na moja zilivalishwa makoti mekundu ya sare. Ya kumi na mbili, ya Bibi Consorcia, ilielea pembeni juu kabisa, imezungushiwa wingu jeupe.

"Usianze, Puring," alisema Glorybelle. "Hiyo ni nakshi tu."

"Nakshi! Hapa Jaro nani anawekwa kwenye wingu kama si marehemu? Bango la mahafali ya mtoto wa jirani, babu yake yuko winguni. Tulimzika Machi!"

"Sasa mimi nifanyeje? Fundi aliniuliza nani hasafiri, nikamwambia Mama. Akamweka hapo. Nikamfundishe kazi yake?"

Puring akaiachia ncha ya bango. "Nani hasafiri?"

Hapo ndipo Glorybelle alipojua ulimi umemponyoka.

Ndugu zangu, niwarudishe nyuma kidogo, maana robo saa kabla ya hapo nyumba ile ilikuwa shwari. Ilikuwa Jumapili alasiri hapa Jaro, Ufilipino, siku chache baada ya Krismasi. Bibi Consorcia alikaa barazani na kikombe cha chokoleti ya moto. Mwanawe Ramil, mume wa Puring, alikuwa akisafisha feni. Puring mwenyewe alikuwa amenyoosha miguu, jambo analolifanya mara mbili kwa mwaka. Ndipo dada mkubwa wa Ramil, Glorybelle, akasukuma geti na bango kwapani limekunjwa kama mkeka, akaita, "Njooni muone, la mwakani limetoka!"

La mwakani. Shikeni neno hilo, ndilo lililoivunja nyumba.

Bibi Consorcia alisukuma randa ya barafu miaka thelathini na mmoja karibu na uwanja wa kanisa. Alikuwa akiuza halo-halo: barafu iliyoparuzwa laini, juu ya maharage matamu, ndizi na maziwa, katika bilauri ndefu na kijiko kirefu. Kwa randa hiyo alisomesha watoto watatu: Glorybelle, Ramil na Dodong, kitinda mimba, ambaye ni baharia. Wanafunzi waliokuja kula walikuwa wakimuuliza, "Bibi, theluji ndiyo inafanana hivi?" Naye akawajibu, "Sijaiona. Siku nitakayoiona nitajua nani kamwiga mwenzake." Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Alipotimiza miaka sabini, Glorybelle alisimama na maikrofoni ya karaoke mbele ya majirani wote. "Mama, utaiona theluji! Ukoo mzima, Seoul, msimu wa baridi!" Makofi yakapigwa mpaka mbwa wakabweka. Huo ni mwaka wa tano sasa.

Mwaka wa kwanza bango lilichapwa, safari ikaahirishwa kwa sababu binti wa Glorybelle alikuwa na mtihani. Mwaka wa pili makoti ya sare yalishonwa, kila mtu jina lake mgongoni, wakagombana juu ya rangi mpaka baridi ikaisha. Mwaka wa tatu nitaueleza baadaye, maana una uchungu. Mwaka wa nne Dodong alikuwa melini, na Glorybelle akasema bila Dodong hawajakamilika. Ukitaka kuijua historia ya safari hiyo, zunguka nyumba: bango la kwanza limefunika mkaa, la pili ni paa la banda la nguruwe, la tatu ni pazia la bafu la nje, na juu ya la nne wanaanika mpunga. Nguruwe wa nyumba ile wanaufahamu mnara wa Seoul kuliko aliyeahidiwa.

Mpango wa namna hiyo, unaosemwa na kupambwa bila kutendwa, huku kwetu tunauita mchoro. "Mnakwenda kweli, au ni mchoro?" majirani walikuwa wakiuliza. Na kila mwaka ulikuwa mchoro.

Wakati huo huo Bibi alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huo hauumi wala hauwashi, hupunguza dunia kidogo kidogo kutoka pembeni kuja katikati. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika kabisa. La kulia lilibaki tundu tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la mwanzi. Mwezi wa Novemba daktari alimwambia Puring waziwazi, "Mvua za Juni zikianza, siahidi kitu." Siku hiyo hiyo Puring akafuatilia viza za watu wote waliokuwapo, na zikatoka. Za miezi mitatu. Sasa zilikuwa zikilala ndani ya kopo la biskuti, zikihesabu siku.

Kwa hiyo turudi barazani.

"Nauliza tena," alisema Puring. "Nani hasafiri?"

"Puring, nisikilize kwa utulivu. Dodong anashuka melini Oktoba. Desemba ijayo tutakuwa tumekamilika, sote, mara moja. Na Mama... tuseme ukweli. Desemba ijayo Mama atakuwa haoni. Tumburute kwenye barafu wa nini? Atabaki na mtu wa kumwangalia, sisi tutampigia simu ya picha."

"Simu ya picha. Mtu asiyeona."

"Atasikia!"

"Atasikia theluji? Wifi, umewahi kuisikia theluji wewe?"

Ramil akaweka chini panga la feni. "Jamani, taratibu. Tuitishe kikao cha familia, tuli—"

"Kikao!" Puring akamgeukia. "Ramil, kwenye kundi la simu mna ujumbe wa miaka mitano. Mmejadili rangi, mmejadili kofia, mmejadili nani asimame kushoto kwenye picha. Mtu mmoja aliwahi kuuliza macho ya mama yenu yakoje? Mmoja tu!"

"Kawia ufike," alisema Glorybelle kwa sauti ya mtu anayejua hana hoja.

"Mmekawia. Mmefika wapi?"

Glorybelle akaanza kulia, na hakuwa akiigiza. "Hujui wewe! Baba alikufa hatuna hata picha moja tumekamilika. Moja! Siku ya mazishi nilizunguka na albamu nzima, kila picha ina mtu kapungua. Nilijiapia haitatokea kwa Mama."

Hilo lilikuwa kweli, na tusimnyang'anye mtu kweli yake. Lakini mtu anaweza kuwa na jeraha la haki akalitumia kuwajeruhi wengine.

"Lileteni hapa hilo bango," alisema Bibi Consorcia.

Walikuwa wamemsahau. Alikuwa amekaa nyuma yao muda wote, kikombe kimepoa magotini. Ramil akalitandaza mbele yake. Bibi akainamisha kichwa upande, kama kuku anayetazama punje, akaanza kulitembelea bango kwa lile tundu lake moja, kidole kikifuata jicho. "Glory. Ramil. Puring, umenenepa. Watoto. Huyu Dodong, mbele kabisa na wala hayupo." Kidole kikapanda, kikapanda, kikafika winguni, kikasimama.

"Huyu ni nani?"

Glorybelle akanyoosha mkono alikunje bango, Bibi akamzuia.

"Ni mimi. Mbona nimepanda juu hivi? Nimekufa lini, jamani? Na mlichinja nguruwe, au waombolezaji mliwapa biskuti na kahawa tu?"

"Mama, ni fundi wa mabango..." alianza Glorybelle.

"Fundi hanijui. Wewe unanijua." Hakupaza sauti. "Mwanangu, sikuomba Seoul. Sikuomba koti wala mnara. Niliomba kuiona theluji. Unaniambia Desemba ijayo mtanipigia simu; hata mngenishikisha hiyo theluji mkononi, haitoshi. Ubaridi nimeushika miaka thelathini na mmoja, vidole hivi vimepinda kwa sababu yake. Kushika nimeshiba. Nataka kuona."

Ramil akainamisha kichwa. Glorybelle akaziba mdomo kwa kiganja.

Puring alikuwa amefungua kinywa amwambie wifi yake neno ambalo lisingerudi, lakini akaliacha. Aliukumbuka mwaka wa tatu. Jumamosi ile Bibi alikuwa na miadi ya kliniki ya macho, na Jumamosi hiyo hiyo Glorybelle alikuwa ameita mpiga picha wa bango. Bibi aliuliza asubuhi, "Tunakwenda kliniki?" Na aliyejibu, "Wiki ijayo, Mama, leo tunapiga picha," hakuwa Glorybelle. Alikuwa Puring. Puring anayefanya kazi duka la dawa, anayewauzia mji mzima matone ya macho na kuwagombeza wasiruke hata siku moja! Wiki ijayo ikawa mwezi ujao, kisha matone yakaisha yasinunuliwe mengine. Walipokuja kwenda, jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga mlango.

Picha ya siku ile ndiyo pazia la bafu.

Akasimama. Akaingia jikoni, akatoka na mkasi wa kukatia kuku.

"Puring!" Glorybelle akaruka. "Bango jipya hilo!"

"Sogeza mkono, wifi. Namteremsha mama yako."

Akakata wingu lote, kwa mzunguko, bila haraka. Akamkabidhi Bibi kipande chake. Kisha akakaa chini, akachukua simu.

"Ramil, kopo la biskuti."

"Unafanya nini?"

"Kopo."

Akalileta. Puring akatoa pasipoti mbili, yake na ya mkwewe, akazifungua, akaanza kuandika majina kwa kidole kimoja. Mwajiri wake alikuwa amelipa wiki iliyopita mshahara wa kumi na tatu, ile nyongeza ya mwisho wa mwaka ambayo kila mwaka huishia kwenye mapambo na nyama ya sikukuu. "Ndege ya Manila saa mbili usiku leo. Ya Seoul alfajiri. Viti viwili vipo." Akabonyeza. Simu ikalia. "Havipo tena. Tumevichukua."

"Leo?" walisema kaka na dada kwa pamoja.

"Leo. Kesho mtaitisha kikao."

"Na kazi yako?"

"Nina siku nane za likizo sijazigusa tangu Pasaka. Nimeshamwandikia mwenye duka." Na kabla hajaiweka simu, akalitafuta lile kundi la familia, akajitoa.

"Puring, mtavaa nini huko? Mtaganda!" Ramil alikuwa ameshasimama, na safari hii si kwa ajili ya kikao.

"Una kabati zima la makoti yaliyolala kwenye nondo miaka mitatu. Lete mawili mazito."

Akaleta la Puring na la Dodong, kwa kuwa la Dodong ndilo kubwa na lenye manyoya ndani. Likammeza Bibi mpaka magotini, mikono ikapotelea ndani, na mgongoni limeandikwa DODONG kwa herufi kubwa za dhahabu.

Bibi akajipapasa. "Basi Dodong naye yumo. Haya, Glory, si tumekamilika?"

Glorybelle akacheka huku analia, sura ambayo hapendi ionekane kwenye picha. Alisimama katikati ya baraza na bango lake lenye tundu, hajui aliweke wapi. Kisha akaliangusha, akaenda chumbani kwa mama yake, akarudi na ile chupa ya matone ya macho, na soksi jozi tatu.

"Asubuhi tone moja, usiku tone moja," alimwambia Puring, kama kwamba Puring hajui. Puring akaipokea, akaitia mfukoni, hakusema neno la kejeli. Ilikuwa mara yake ya kwanza alasiri ile.

Ramil akaita bajaji ya jirani. Bibi hakukubali kupanda mpaka aletewe bilauri yake ndefu na kijiko kirefu. "Kuona tu hakutoshi. Mwenzangu theluji kaniiga, nami nisimwonje?" Akavifunga ndani ya khanga ya kulalia, akavipakata.

"Subirini!" Glorybelle akakimbia na simu hadi getini. "Nipige moja! Geukeni huku, Mama nyanyua uso, Puring kaa kushoto..."

"Piga tukienda, wifi," alisema Puring. Akamgonga dereva begani, bajaji ikaondoka.

Picha ipo mpaka leo. Haina mnara, haina sura hata moja, na waliomo ni wawili tu, migongo kwa mpigaji.

Mafunzo ya Hadithi Hii

Mnaonisoma, nitasema waziwazi. Waswahili husema ngojangoja huumiza matumbo. Katika nyumba hii iliumiza jicho, na jicho halioti mara ya pili.

Ukimwahidi mzee jambo, ahadi ile ni yake. Si ya sare wala mabango, na majirani hawana fungu ndani yake. Msiseme "tukikamilika", kwa sababu familia inayongoja kukamilika hupungua ikingoja. Mkiwa wawili mnaotosha, nendeni wawili. Na kabla ya kupanga mzee asimame wapi kwenye picha, ulizeni kwanza miadi yake ya kliniki ni lini, na chupa ya dawa imebaki kiasi gani.

Halafu wewe unayetikisa kichwa ukimlaani Glorybelle, kumbuka aliyesema "wiki ijayo" ni nani. Alikuwa yule mwenye akili na elimu, tena muuza dawa. Simama sasa hivi, kaangalie dawa kwenye kabati la mama yako.