Makasha Sita ya Nishani

"Chai imepoa. Narudia, chai imepoa."

Kurihara Tamae akaikata simu na kuitumbukiza mkobani. Maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: mnunuzi ameshaingia ndani.

Akavuka barabara ya Kanda mbio. Teksi ya Toyota ikampigia honi ndefu. Hakugeuka.

Saa yake ya Casio ilionyesha saa tano na dakika ishirini asubuhi. Ndege ya mnunuzi ilikuwa inaruka saa nane.

Wiki mbili zilizopita, majina kumi na moja yaliibwa kutoka idara ya Tamae, idara ambayo mlangoni haina hata kibao. Yalikuwa majina ya majasusi wa Japani wanaoishi ng'ambo kwa vitambulisho vya bandia. Jina la saba lilikuwa la Mitsuo, mdogo wake, tumbo moja.

Yote yalikuwa kwenye memori kadi ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kadi ilifichwa ndani ya kasha la nishani. Makasha yalikuwa sita. Lipi, idarani hakuna aliyejua.

Mnunuzi aliitwa Lorentz, mtu wa ubalozi. Akishalinunua kasha na kulitia mkobani mwake, hakuna polisi mwenye ruhusa ya kuufungua mkoba huo.

Na Mitsuo angekamatwa kabla hajala chakula cha jioni.

Tamae akapanda ngazi nyembamba, juu ya duka la miavuli. Chumbani walikaa wanaume tisa, wakusanyaji wa makasha ya nishani, wenye glovu nyeupe, na kila mmoja alikuwa na kioo chake cha kukuzia. Watu hawa nishani yenyewe waliitupia jicho mara moja tu. Kilichowagombanisha ni kasha: lilitoka kwa fundi gani, hariri ya ndani ilibadilishwa mwaka gani, kamba ya zambarau imesukwa kwa nyuzi ngapi. Wawili kati yao walikuwa hawajasalimiana miaka minne kwa sababu ya karatasi ya kufungia.

Mwenyekiti wao, Mzee Isobe, mwenye miaka themanini na mmoja, akaishika barua ya mwaliko ya Tamae kwa ncha za vidole kama kitu kinachonuka.

"Mama, darasa la kupanga maua liko jengo la pili."

Wenzake wakacheka. Tamae akasema amefika alipokuwa anakwenda.

"Haya, kaa kule mwisho. Na usivipumulie vitu vya watu."

Mwenye makasha, dalali Onizuka, nywele zikimeta mafuta, alikuwa ameyapanga mezani. Lorentz alisimama karibu na mlango, mkono mfukoni. Onizuka akaeleza kwamba yote sita yametoka nyumba moja ya Kanazawa. Kwa macho, ungeapa hivyo: mti wa kiri, ule mwepesi, umepakwa rangi nyeusi inayong'aa, maandishi ya dhahabu juu ya mfuniko.

Mgeni haruhusiwi kununua pale kabla ya kupimwa. Mzee Isobe akamwita Tamae mezani.

"Haya, bingwa. Tuambie lipi bora. Tucheke kidogo kabla ya chakula."

Tamae akavaa glovu zake, taratibu, kidole baada ya kidole. Siku tisa alikuwa amekaa na fundi seremala wa Kasukabe, akifagia maranda na kujifunza. Fundi alimwonyesha kwamba kasha la kiri lililotengenezwa vizuri halisukumwi mfuniko. Unauweka tu, unauachia. Unashuka wenyewe polepole, kwa sababu hewa ya ndani haina pa kutokea.

Labda mtu awe amelitoboa.

Akauachia mfuniko wa kwanza. Ukashuka kama bibi kizee anayejitia kwenye maji ya moto.

Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu. Wa nne. Wa tano.

Wa sita.

Tap.

Lorentz hakuelewa kitu. Lakini vichwa tisa viligeuka pamoja, kana kwamba mtu amecheka msibani.

"Rudia," Mzee Isobe akasema.

Akarudia. Tap.

"Onizuka. Nani amelitoboa kasha hili?"

Onizuka akasema labda ni wadudu.

"Wadudu kwenye kiri? Mti ambao hata mchwa wanaukimbia? Huyo mdudu alikuwa na mikono miwili na akili finyu." Mzee akaichukua koleo ndogo ili ainue hariri.

Kwenye kisikilizi kidogo sikioni mwa Tamae, sauti ya mwenzake wa idarani ikanong'ona: "Tuingie?"

"Bado."

Lorentz akaruka, akalinyakua kasha. Onizuka akachomoa bastola aina ya Makarov, akamwelekezea Mzee Isobe kifuani.

Tamae alikuwa ameshaikamata chupa ya chai iliyokuwa mezani, Tiger ya lita mbili, imejaa. Ikatua kwenye kifundo cha mkono wa Onizuka. Mfupa ukalia. Risasi ikaingia darini. Chupa ikarudi mara ya pili, shingoni, na dalali akalala chini ya meza.

Lorentz alikuwa ameshaufungua mlango. Tamae akamvuta kwa tai, akambamiza ukutani.

"Mimi ni mtu wa ubalozi," Lorentz akakoroma. "Huna ruhusa ya kunikamata."

"Wewe, ndiyo, sina. Kasha hujalinunua."

Akamwachia tai, akalichukua kasha.

"Sasa ingieni," akanong'ona.

Mzee Isobe akalipokea kasha. Akainua hariri kwa koleo. Chini yake kulikuwa na bahasha ndogo ya plastiki, lakiri yake nzima, na kadi ndani. Mzee akaitupa pembeni kama takataka, akainama kulichungulia tundu.

"Keekee," akasema. "Washenzi. Wamelitoboa kwa keekee."

Tamae akaiokota bahasha. "Nimeipata. Lakiri haijaguswa. Mitsuo?"

"Yuko sokoni, anabishana na muuza samaki. Hajui lolote," sauti ya sikioni ikamjibu.

Tamae akafumba macho kidogo. Akafumbua.

"Wewe si mkusanyaji," Mzee Isobe akasema bila kuinua kichwa.

"Siyo, Mzee."

"Basi usije tena hapa."

Tamae akainama kwa heshima, hadi kiunoni. Kwenye ngazi akajibanza ukutani kuwapisha polisi waliokuwa wakipanda mbio, kisha akashuka, akatoka nje, akaelekea stesheni bila kuharakisha.