Kijiko Mlangoni mwa Kiota-Mwamuzi

Mlango mdogo wa chuma ulijifunga, shomoro akabaki ndani. Jicho la kiota-mwamuzi, mtego uliotengenezwa kwa umbo la kiota, lilimkagua koo lake jeusi, sikio likapima mlio wake, na kabla hajapiga bawa mara mbili mashine ilikwishamjua: shomoro wa kigeni, mzao wa wale walioingia Tanga na meli zamani, wakateka matundu ya ndege wenyeji, kwezi na kurumbiza, na kuyatupa makinda yao chini. Lakini mashine haikuua. Sheria ya jiji ilitaka kila uhai uondolewe kwa kidole cha mtu. Bangili ya kupokea taarifa za mitego ikatetemeka mkononi mwa Mhandisi Sikudhani Kaniki, naye akabonyeza. Hewa ya usingizi usio na kuamka ikapulizwa. Huyo alikuwa wa tisini na saba tangu asubuhi.

Viota hivyo alivibuni mwenyewe. Wathibitishaji walioajiriwa kubonyeza waliacha kazi mmoja mmoja. Wa mwisho alisema anasikia milango ikijifunga hata akiwa anakula. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja Sikudhani anabonyeza peke yake, na kidole chake cha shahada kilikuwa kimeanza kufa ganzi.

Alasiri hiyo kiota kimoja kiliacha kutoa taarifa, katika roshani ya ghorofa ya kumi na nne. Akaenda mwenyewe.

Aliyemfungulia alikuwa Mzee Mbaruku, fundi mstaafu wa reli, ameketi kwenye kiti cha magurudumu.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kutazama kiota."

"Marahaba, mwanangu. Nimekizuia mlango kwa kijiko. Nakwambia mapema usihangaike kutafuta."

Kijiko kilikuwepo kweli. Nyuma yake shomoro jike alikuwa amelalia makinda manne yasiyo na manyoya. Alipomwona mzee hakushtuka. Alipomwona Sikudhani alijikunyata.

"Tangu mama watoto afariki, miaka saba, hawa ndio wanaonibishia hodi dirishani," alisema Mzee Mbaruku. "Nikichelewa kuwapa makombo, wananigombeza."

Sikudhani alimweleza, taratibu, kama alivyowaeleza wengi. Jozi moja huzaa mara tatu au nne kwa mwaka. Ikiachwa hapa, mwakani mtaa mzima umejaa tena. Bustani ya chini ilikaa miaka ishirini bila kurumbiza hata mmoja. Sasa wamerudi, jozi tano.

"Sikatai," alisema mzee. "Unasema kweli."

"Kwa hiyo unaniruhusu?"

"Hapana, mwanangu. Hilo usinitwike. Kidole ni chako."

Sikudhani alisimama pale roshanini, mgongo ukimuuma. Kisha akachomoa kijiko. Mlango ukajifunga, akabonyeza, na safari hii hakukuwa na ukuta wala umbali wa kumficha asione. Jike lilipepesuka, likalala juu ya wanawe. Mzee Mbaruku alikuwa amegeuza kiti, anatazama ukutani.

Sikudhani alinawa mikono jikoni. Aliporudi alisema, "Twende chini, Mzee. Nikupeleke ukawasikie."

"Nikasikie nini?"

"Kile ninachofanyia haya yote."

Mzee aliachia breki ya kiti. Walishuka kwa lifti, akamsukuma hadi kwenye kivuli cha mkungu. Walingoja sana. Hatimaye kurumbiza mmoja, kifua cha rangi ya chungwa, akatua kwenye tawi na kuanza kuimba: filimbi ndefu, kisha mzunguko, kisha filimbi tena. Sikudhani hakuwahi kukaa kumsikiliza hadi mwisho. Kila mara bangili ilimwita.

Mzee Mbaruku alisikiliza ameinamisha kichwa, mpaka ndege akaruka kwenda zake.

"Anaimba vizuri," alisema. "Vizuri mno. Ila hanijui."

Sikudhani alikaa chini kwenye nyasi kando ya gurudumu, viatu vimejaa vumbi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuitazama bangili.

"Umechoka," mzee alimwambia.

"Nimechoka, baba."

Mzee aligeuza kiti kumwelekea.

"Kesho utakuja?"

"Kiota kimeshapona, Mzee. Hakina kazi tena kwangu."

"Sikuulizia kiota."

Sikudhani aliinua macho, akayahesabu madirisha mpaka la kumi na nne.

"Nitakuja," alisema.