Aliyemwamsha Mwanasha

“Kama mimi ndiye niliyemkaba, aliyemwamsha ni nani?”

Bibi Biasha aliuliza hivyo akiwa amekaa kwenye kigoda mbele ya ghala la kijiji, wembe wa mganga ukipita kichwani mwake, mvi zikimwangukia mapajani. Kijiji kizima kilikuwepo. Wanaume wenye midomo ya kutangulia kwenye kila mkutano walikuwepo. Mmoja alikohoa, mwingine akatazama mawingu kama mtu anayesubiri mvua, na wembe ukaendelea.

Basi sikilizeni ilivyokuwa, mpime wenyewe.

Ulikuwa msimu wa korosho, mwaka wa pili tangu watu wa upande wa Narung'ombe wabomolewe nyumba zao kwa amri ya serikali na kupelekwa kwenye kijiji kipya karibu na Mbekenyera. Watu walihama. Mikorosho haikuhama. Makaburi nayo hayakuhama. Kwa hiyo watu walikuwa wakirudi kwenye mahame, kule walikoishi zamani, kuokota korosho chini ya miti yao wenyewe, wakijificha kama wezi.

Mwanasha alikuwa msichana wa darasa la saba. Jioni moja mjomba wake, Bwanali, alimtuma aende mahameni na bibi yake, wakaokote zilizoanguka kabla nguruwe pori hawajazimaliza. Bibi Biasha ndiye aliyemzaa Bwanali, na ndiye aliyemzaa mama yake Mwanasha. Mama huyo alipofariki, bibi akamlea mtoto. Njiani alikuwa akimtania, kama bibi yeyote na mjukuu wake.

“Tembea, mke mwenzangu! Hayo maringo unamringia nani, na mume wetu alishakufa?”

“Amekufa kakuachia mimi, Bibi. Nikupikie, nikuoshe, nikubebe mgongoni.”

“Na ulimi wako huo, utaolewa na kiziwi!”

Giza likawakuta bado wanaokota. Nyumba haikuwepo tena, lakini dungu la kulindia mahindi lilikuwa bado limesimama juu ya nguzo zake, na ngazi yake ya miti. Wakapanda wakalala. Harufu ya mabibo, yale matunda ya mikorosho, yaliyochacha ilikuwa imejaa kila mahali, tamu mpaka inachefua.

Karibu na alfajiri, Mwanasha akazinduka.

Macho yalifunguka. Mwili haukufunguka.

Alitaka kuinua mkono... mkono ukakataa. Alitaka kuita... ulimi umelala mdomoni kama wa mtu mwingine. Alimwona bibi yake amelala pembeni, kampa mgongo. Alisikia mbu. Kisha akasikia ngazi.

Kwe... kwe... kwe...

Kitu kilikuwa kinapanda.

Harufu ya mabibo ikakatika. Ikaja nyingine, ya udongo mbichi, udongo uliotolewa chini sana.

Kikamkalia kifuani.

Hakikuwa na uso. Kilikuwa na uzito tu, uzito wa mtu mzima aliyechoka, aliyetafuta mahali pa kukaa siku nyingi akakosa. Pumzi zikawa nyembamba kama uzi. Na hapo, akiamini anakufa, Mwanasha akasikia jambo ambalo hakulitegemea.

Kilikuwa kinalia.

Kilio cha chinichini, cha mtu anayejizuia. Tone likamdondokea shavuni. La baridi.

“Mwanasha! Mwanasha wee!”

Mkono ukamshika bega, ukamtikisa kwa nguvu. Uzito ukatoka. Uso wa kwanza aliouona ulikuwa wa Bibi.

“Bibi... kulikuwa na mtu.”

“Najua. Umekoroma kama mbuzi aliyekatwa koo.” Akampangusa shavu kwa kiganja. Akautazama unyevu ule. “Ni wetu hao,” akanong'ona, akielekeza kidevu kule kwenye makaburi. “Tuliondoka bila hata kuwaaga. Hawataki kukuua, mjukuu wangu. Wanatafuta mtu wa kukaa naye.”

“Nimwambie Mjomba?”

“Thubutu! Watakuuliza ulipozinduka ulimwona nani.”

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Watu wa pale walikuwa na kanuni yao kuhusu kukabwa usingizini. Walisema mchawi anayekukaba hawahi kukimbia: mwili ukifunguka tu, uso wa kwanza utakaouona ndio wake. Haya, igeuzeni kanuni hiyo muitazame upande wa pili. Anayekaba haonekani. Anayeonekana ni nani? Ni yule aliyekatisha usingizi wake akaja kukutikisa. Ulikuwa mtego unaonasa wenye huruma peke yao, na watu wazima, wenye wake na watoto na kadi za chama, waliuamini bila kuugeuza hata mara moja.

Kitu kile kikawafuata kijijini. Kilikuja tena, na tena. Mwanasha akawa anaogopa kulala. Usiku yuko macho, mchana anasinzia na jembe mkononi, na kadiri alivyokosa usingizi ndivyo kilivyozidi kumjia. Kila mara Bibi ndiye aliyemtikisa. Walilala chumba kimoja. Nani mwingine angemtikisa?

Mtoto akakonda, watu wakaanza kuuliza, na Bwanali akaleta mganga kutoka Chinongwe. Bwanali hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, basi. Lakini aliyeumizwa na woga wake hakuiona tofauti.

“Mwili ulipofunguka,” mganga akamuuliza Mwanasha mbele ya watu wote, “macho yako yalimwangukia nani?”

Mwanasha akatazama miguu yake.

“Mtaje, mwanangu. Hakuna wa kukudhuru hapa.”

“Bibi. Lakini Bibi ndiye aliye...”

“Inatosha.”

“Hajamaliza!” Bibi Biasha akasimama. “Mwacheni mtoto amalize!”

“Amemaliza, mama,” alisema Bwanali. Hakumtazama.

“Si kila siku tunamsikia anamwita mke mwenza?” mwanamke mmoja akadakia kutoka nyuma. “Nani anampenda mke mwenza?”

Watu wakacheka. Utani ambao kila bibi pale alimtania nao mjukuu wake, siku hiyo ukawa ushahidi. Wakamkalisha Bibi Biasha kwenye kigoda. Akauliza swali lake. Wakamnyoa mpaka mwisho, wakamnywesha dawa nyeusi, mganga akatangaza kwamba sasa amekwisha nguvu, na uchawi umetoka pamoja na nywele.

Mwanasha akahamishiwa kwa mjomba wake. Bibi akapewa kibanda cha mwisho kabisa cha kijiji, jirani na mjane mmoja aitwaye Mwanne. Hakuna aliyemkataza mtu kwenda kwake. Watu waliacha kwenda, basi. Mwanasha alijaribu, mke wa mjomba akamvuta mkono: “Unataka na mimi ninyolewe?”

Na usiku ule ule wa kwanza, ndani ya nyumba ya mjomba, kikaja.

Udongo mbichi. Uzito. Kilio.

Mwanasha alisikia koo lake mwenyewe likikoroma. Alisikia pia, upande wa pili wa ukuta wa fito na udongo, kitanda kikilia. Mke wa mjomba akakohoa. Mjomba akageuka ubavu.

Walikuwa macho.

Walikuwa wanasikiliza.

Hakuna aliyeinuka. Kitu kile kikamkalia mpaka kilipotosheka chenyewe. Asubuhi akakuta uji wake umepozwa, umetiwa sukari nyingi kuliko kawaida, na hakuna aliyemwangalia usoni.

Mvua za masika zilipokaribia kwisha, Bibi Biasha alikutwa amekufa kitandani kwake. Amelala chali. Macho wazi. Nywele zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kufunika kichwa. Mwanasha aliingia kumwona kabla hajaoshwa, akamgusa shavu.

Lilikuwa limelowa.

Kwenye msiba, Mwanne alimvuta nyuma ya jiko.

“Nilimsikia,” alisema.

“Ulisikia nini?”

“Bibi yako. Alikoroma... alikoroma mpaka majogoo. Kama mtu anayeita na mdomo umefungwa. Nilikaa kitandani nikalishika shuka hivi.” Akakunja ngumi mbele ya kifua. “Ningekwenda kumtikisa, angefungua macho akaniona mimi. Mwanangu, mimi sina mtu. Ningenyolewa, nani angenisemea?”

Mwanasha alitaka kumpiga. Akashindwa, kwa sababu mama yule alikuwa amesema kweli tupu.

Alipofaulu kuchukuliwa kwenye mafunzo ya ualimu kule Nachingwea, alishukuru kuondoka. Akaenda zahanati, akamweleza tabibu mmoja aitwaye Modestus, kijana mpole aliyehamishiwa huko kutoka Songea. Modestus alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya.

“Akili inatangulia kuamka, mwili unachelewa,” alisema. “Huwapata wengi, hasa wenye uchovu, wenye hofu, wasiolala vizuri. Lala ubavu. Si uchawi, dada. Wala haiui.”

“Bibi yangu je?”

“Alikuwa mzee. Pengine moyo.”

“Na machozi?”

Modestus akageukia daftari lake. “Jasho, nadhani,” alisema, kama mtu asiyetaka kuulizwa tena.

Mwanasha akalala ubavu, na kwa muda mrefu akapata amani. Alianza kunenepa. Alianza kucheka bwenini na mwenzake wa chumba kimoja, Justa, msichana wa Masasi aliyeongea mpaka usingizini.

Kisha wiki ya mitihani, akikesha na vitabu, kikarudi. Udongo ule ule. Uzito ule ule. Lakini safari hii hakikulia. Safari hii kulikuwa na sauti, mbali, kama inatoka nje ya dirisha, inapanda na kushuka na upepo.

“Mwanasha! Mwanasha wee...”

Aliijua. Ilimwita na kumwita, kwa haraka ya mtu anayeona mtoto anazama. Akangoja mkono begani.

Mkono haukuja. Sauti ikachoka, ikawa nyembamba, ikakatika.

Alipoweza kukaa kitako, kulikuwa kumepambazuka. Justa alikuwa amejifunika gubigubi kwenye kitanda cha pili, lakini shuka lilikuwa linatikisika.

“Ulikuwa macho?” Mwanasha aliuliza.

Shuka likaacha kutikisika.

“Justa.”

“Niliogopa,” sauti ikatoka chini ya shuka. “Hata kwetu wanasema... anayekuamsha...”

“Najua wanachosema.”

Mwanasha akashuka kitandani, akaenda akakaa sakafuni karibu na kichwa cha mwenzake. Hakuwa na hasira. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta.

“Nakuomba kitu kimoja, dada yangu. Ukinisikia tena nakoroma vile, inuka uje unitikise. Waniulize watakavyoniuliza, sitakutaja.”