Mkia wa Payé

Mtu alipiga makofi getini, akasubiri.

Selva alipotoka alimkuta mwanamke mzee asiyemjua, kofia pana kichwani, juu ya farasi mweupe. Nyuma yake alikuwa akimvuta farasi wa pili, mwekundu, mkia wake mrefu karibu uguse vumbi.

"Nyie ndio wale wa Rosario mnaochagua mji kama watu wanaogonga matikiti sokoni?"

Selva alicheka. "Ndio sisi, Doña."

"Mmeshagonga mangapi?"

"Matatu. Hili la nne."

"Na hapa Paso Guayabo inalia vipi?"

"Inalia vizuri. Majirani wametuletea mikate ya chipá mpaka mchumba wangu amenenepa."

Ulises, mchumba wake, alisimama mlangoni na bilauri yake ya tereré, chai baridi ya majani. Hakucheka.

"Mimi ni Deolinda, wa nyumba ya mwisho," mzee alisema. "Huyu ni Payé, farasi wa marehemu mume wangu. Kila mwaka anapita kwenye maandamano ya farasi, ila mwaka huu sina wa kumpanda. Nimeona unavyowakodolea macho farasi wa watu, binti. Kaa naye mpaka Jumapili mzoeane. Utampitisha mbele ya kanisa?"

"Nitampitisha, Doña. Nakuahidi."

Mzee akamkabidhi hatamu, akaondoka. Hakuuliza hata majina yao.

Selva aliegemeza shavu kwenye shingo ya farasi. "Umeona? Hajui sisi ni nani, halafu anatuachia mali ya marehemu mumewe. Ulises, mimi nimefika. Tufungie ndoa hapa."

Walikuwa wameafikiana hivyo tangu mwanzo: mji watakaouchagua ndio utakaowaoza. Shule ya hapo ilikuwa imeshamkubali Selva kufundisha.

"Tuone kwanza," Ulises alijibu.

Jumamosi Selva alirudi kutoka shuleni akasimama katikati ya uwanja. Payé alikuwa amefungwa kwenye nguzo, mkia umekatwa, umebaki kifupi kama brashi ya viatu. Chini kulikuwa na rundo la nywele nyekundu.

"Ulises. Hiki nini?"

"Nimemtengeneza. Mkia ulikuwa umejaa miiba. Nilitaka apendeze kesho."

"Umemuuliza nani?"

"Mkia tu, mpenzi. Utaota."

Selva alipokwenda kununua mkate, yule mama wa duka aliyezoea kumwita "kipenzi" alimpa mkate bila kumtazama. Nje, mshona matandiko alikuwa anafunga kibanda chake. Selva akamfuata.

"Mzee wangu, nimewakosea nini?"

"Kweli huelewi?" Mshonaji alimgeukia. "Huku mtu akitaka kumdhalilisha mwenzake mbele ya mji, hahangaiki kumtukana. Anamkata farasi wake mkia. Na huyo farasi ni wa mjane."

Selva alirudi nyumbani anakimbia. "Vaa viatu. Tunakwenda kwa Doña Deolinda. Utamwambia hukujua. Atatuelewa."

"Kwani lazima twende sasa?"

"Sasa hivi."

Wakaenda, yeye akimvuta Payé kwa mkono mmoja na mwingine umemshika Ulises. Kila aliyewaona aligeuza uso. Selva akazidi kumbana Ulises vidole, kana kwamba yeye ndiye wa kulindwa.

Doña Deolinda alikuwa ameketi kwenye kibaraza. Alimwangalia farasi kuanzia kichwani mpaka mkiani, hakuinuka.

"Doña, tusamehe. Sisi watu wa mjini, hatuna tunalolijua. Mchumba wangu hakujua."

"Hakujua?"

"Hakujua, Doña."

Mzee alimgeukia Ulises. "Alhamisi ulikuja hapa peke yako, mwanangu. Uliniuliza mbona farasi wa huku wote wana mikia mirefu. Nikakueleza. Nikakuambia marehemu aliwahi kuchomana visu na mtu kwa sababu hiyo. Ukanywa tereré yangu, ukaaga."

Selva aliachia mkono wa Ulises.

"Mwambie amekosea. Mwambie hukuja."

Ulises aliinamia viatu vyake.

"Jumapili bado utampanda?" Doña Deolinda alimuuliza Selva. Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ikauma zaidi.

"Nitampanda."

Njiani kurudi, Ulises alimpa simu. Ujumbe ulikuwa umetoka kwa bosi wa kiwanda cha mbao, katika mji wa pili waliouona, ule ambamo Selva alilia hotelini.

"Kazi bado ni yako na nyumba ya kampuni iko tayari. Jumatatu asubuhi uwe hapa, la sivyo nampa mwingine."

"Kwa hiyo ulitaka watufukuze."

"Nilitaka uuchoke mji huu mwenyewe. Ningekukatalia ungelia, na mimi siwezi kukuona unalia."

"Ukaona bora mji mzima unilize kwa niaba yako."

"Selva, hapa mimi nitakuwa nani? Wewe una shule. Mimi hata farasi namwogopa. Wanacheka wakinisaidia kufungua geti."

"Ungeniambia hivyo. Hayo tu. Ningekusikia."

Selva alivua pete ya uchumba, akaitia mfukoni mwake mwenyewe.

"Sijakurudishia. Lakini sijaivaa pia."

"Kesho watakuzomea."

"Nimeahidi."

Ulises alichukua simu yake. "Basi nitamshika farasi hatamu. Nitatembea mbele yako."

"Basi lako la kwenda kiwandani linaondoka saa sita. Sisi tunapita saa sita."

"Najua."

"Usiniahidi kitu cha kunituliza."

"Nakuahidi."

Jumapili, Doña Deolinda alimfunga Payé tandiko kwa mikono yake. Uwanja ulijaa farasi waliosukwa riboni na wapandaji wenye skafu nyekundu. Nafasi iliyowazunguka ilikuwa tupu.

"Bado unaweza kukataa, binti."

"Najua, Doña."

Selva alimwandikia Ulises: "Tunaanza." Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja.

Farasi wa kwanza waliondoka. Wa pili wakafuata. Selva alikuwa ameshamgusa Payé kwa visigino pale mkono ulipoishika hatamu kutoka chini.

"Nilikuwa kituoni," Ulises alisema, anahema. "Nilishakaa kwenye kiti."

"Na mzigo?"

"Nimeuacha ndani ya basi."

Alitembea mbele, kichwa wazi, akijikunyata kila farasi alipokoroma. Walipofika mbele ya kanisa, akodiani iliyokuwa ikipigwa ikanyamaza. Watu wote waliitazama ile brashi fupi ya mkia.

Mwanamume mmoja mwenye masharubu akasogea njiani.

"Nani kamkata huyo?"

"Mimi."

Watu walinong'ona. Yule mwanamume alimkagua Ulises, viatu vyake vya mjini, jasho lake. Uso ukamlegea kidogo.

"Mgeni wewe. Hukujua, sivyo?"

Ilitosha aitikie tu, kwa kichwa, na mji ungemsamehe. Ulises alimwangalia Doña Deolinda, aliyesimama kwenye ngazi za kanisa.

"Nilijua," alisema. "Doña aliniambia mwenyewe, nikaenda nikamkata. Huyu aliye juu ndiye ambaye hakujua."

Hakuna aliyezomea. Yule mwanamume akapisha njia, akatema chini. Nyuma ya kanisa basi lilipiga honi likaondoka, na Payé akarusha kichwa kwa hofu.

"Mshike karibu," Selva alisema kutoka juu, taratibu. "Weka bega kwenye shingo yake."

Ulises alisogea mpaka akaisikia pumzi ya farasi sikioni. Mtaa mzima ulikuwa bado mbele yao. Akamvuta Payé, akashika njia.